Fiwi za Wifi Yangu Swaumu

Ukifika Naipingo ukaulizia kwa Swaumu, watakuuliza Swaumu yupi, maana kila mwezi wa mfungo unatuachia Swaumu wengine. Sema Swaumu wa fiwi. Hapo hata aliyehamia wiki iliyopita atakunyooshea kidole: nyumba ile yenye ua wa mabua, bustani yake iko nyuma ya jiko. Mwenyewe ukimkuta ameinama usikae karibu naye sana, maana atakupa kazi.

Mimi ni wifi yake. Abdalah, mume wake, ni kaka yangu wa tumbo moja, kwa hiyo msinitegemee nimsifie kavukavu. Wifi akimsifia wifi bila kumng'ata kidogo watu watasema kuna kitu amepewa.

Basi nianze na ubaya wake. Swaumu ni mbishi. Ukimwambia mvua hiyo inakuja, atatazama juu na kusema bado, kisha italoanisha ufuta wake aliouanika, na akishaukusanya atakuambia kuwa ile haikuwa mvua, ni manyunyu. Akisimuliwa habari anaisahihisha, hata kama hakuwepo. Akikasirika sana Kiswahili kinamkimbia, anabaki na Kimwera kitupu, na mimi niliyekulia kwenye Kimakua huwa naambulia nusu tu ya matusi. Nadhani ndiyo maana urafiki wetu umefika hapa.

Kaka yangu alihamia kwao Swaumu alipomwoa, kama ilivyo kawaida ya huku kwetu. Nami miaka iliyofuata nikaolewa kijiji hichohicho, nyumba ya pili kutoka kwao, kwa hiyo ugomvi wetu haujawahi kupungukiwa na nafasi. Lakini siku niliyolazwa na mimba yangu ya tatu ikatoka, aliyenifulia nguo ni Swaumu. Hakusema pole hata mara moja. Alifua, akaanika, akanipikia fiwi zilizoungwa kwa karanga, akaniambia nile niache kulialia. Nampenda mwanamke huyu, na nikishasema hivyo nisiulizwe tena.

Fiwi zenyewe, maharage haya mapana bapa, si hizi za sokoni. Ni nyeupe, zina baka jekundu linalozunguka jicho la mbegu, na zikiiva hazipasuki ovyo. Bibi yake alizitoa Chiola, mama yake akapewa na bibi, naye akapewa na mama siku aliyopata jiko lake mwenyewe. Kwa ukoo wao binti haondoki na masufuria na mikeka tu. Mama anamchagulia maganda ya fiwi, anayafunga kwenye kitambaa, anamkabidhi mbele ya watu. Binti akienda kuanza maisha bila mbegu ya mama yake, majirani wataona wameachana kwa ugomvi, na mama atalibeba hilo mpaka kaburini. Mimi kwetu hatuna desturi hiyo, nilipewa godoro. Lakini nimeiona ya kwao na naiheshimu.

Namna ya kuzitunza nayo ni ya kwao. Swaumu huyaacha maganda mazuri yakaukie kwenye mmea, anayafunga vicha, anavining'iniza kwenye fito za juu kabisa za paa la jiko, palepale juu ya mafiga. Moshi unapanda unayapaka weusi, na fukusi hawasogei. Hivyo ndivyo mama yake alivyofanya, na bibi yake, na hakuna aliyewahi kulia njaa ya mbegu.

Paa hilo lilikuwa la nyasi, na lilikuwa limechoka. Masika ikianza Swaumu alipika huku beseni moja likiwa limekinga maji upande huu na jingine upande ule. Alilalamika miaka yote, na kaka yangu alikuwa akijibu "haya" halafu anaondoka. Abdalah ni mtu wa "haya". Sijui kama katika maisha yake amewahi kusema sentensi ya maneno kumi.

Mwaka ule korosho zilikwenda vizuri. Swaumu akawa amekwenda Mtua kwenye msiba wa mjomba wake, na huku nyuma kaka yangu akaita mafundi, akang'oa nyasi, akaezeka jiko kwa bati jipya linalong'aa. Mimi nilikuwepo Swaumu aliporudi. Alisimama katikati ya ua na mfuko wake bado uko kichwani, akatazama. Kisha akaingia jikoni, akawasha moto ambao hakuwa na cha kupika juu yake, akaketi pale akitazama juu. Abdalah alikuwa kajificha kwenye mikorosho yake, akijifanya anapalilia.

Fiwi za mwaka ule zilipokauka, Swaumu alizining'iniza mahali pake pa siku zote, juu kabisa.

Msimu uliofuata zilichipua chache. Alisema mvua ilikuja vibaya, na kweli ilikuja vibaya, kwa hiyo hata mimi sikumbishia. Alivuna kidogo, akazifunga, akazirudisha juu. Msimu wa pili alipanda kwenye mvua nzuri kabisa, na haikutoka hata moja. Kunde zangu zilikuwa zimeshafika magotini, mbaazi za majirani zilikuwa zinapendeza, na nyuma ya jiko la Swaumu wa fiwi palikuwa na udongo uliosawazishwa vizuri na hakuna kitu.

Ingekuwa mwaka mwingine tungecheka. Lakini Zulfa, binti yake wa mwisho, alikuwa ameolewa na Bashiri, kijana anayechomelea milango na madirisha kule Ruangwa. Walikuwa wanakaa hapo kwa Swaumu kwa muda tu, wakisubiri Bashiri apate nyumba ya kupanga karibu na kazi yake. Nyumba ikapatikana. Zulfa alikuwa anahama kabla masika haijaisha, na mama yake hakuwa na mbegu ya kumpa.

Lawama za kwanza walipewa kuku wangu. Swaumu alikuja kwangu asubuhi, hajaniamkia vizuri, akasema kuku wangu wamemfukulia mbegu za mtoto. Nami nina hasira zangu. Nikawakamata kuku wote, nikawafungia bandani, jogoo akiwemo, nikawalisha mle ndani ili kijiji kizima kione nani mwongo. Swaumu akapanda tena. Hazikutoka. Akafukua kwa kidole, akazikuta mbegu zake palepale alipoziweka, zimelainika na zinanuka. Hakuniomba radhi. Mchana wake aliniletea bakuli la kisamvu, akaliweka, akaniambia kuku wafunguliwe wapate hewa. Kwa Swaumu hiyo ni radhi kubwa.

Baada ya hapo alilaumu udongo, akalaumu mchwa, akamlaumu na mwanamke mmoja aliyepita akasema "bustani nzuri". Mimi niliijua siri yake. Alikuwa anaogopa. Juu ya fito zilikuwa zimebaki mbegu kidogo tu, na kicha kimoja kingine kilichokuwa kwenye msumari wa mlangoni, ambacho alikitundika hapo kwa sababu siku hiyo mgongo ulimuuma na hakutaka kupanda juu ya kigoda. Hivyo ndivyo vilivyosalia vya Chiola.

Dionisia, bibi shamba wetu, alipita na pikipiki yake kwa ajili ya habari za kupulizia mikorosho. Mimi nikamvuta pembeni nikamwambia jambo la fiwi. Akaenda kuangalia. Akachokonoa udongo, akasema huenda zimefukiwa chini sana, na maji yalituama.

Swaumu akamwambia kuwa yeye alianza kupanda fiwi kabla mama yake Dionisia hajaolewa. Alilisema kwa Kiswahili, kwa hiyo nilijua hajakasirika sana. Dionisia akacheka, akaomba maji ya kunywa, akakaa. Ni binti mwenye subira, sijui kaipatia wapi. Akasema yeye naye anabahatisha tu, ila kuna njia ya kuiuliza mbegu yenyewe kama ni nzima kabla hujaifukia: chache uzifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, uziweke penye joto kidogo, usubiri. Iliyo hai itatoa mzizi. Iliyokufa itaoza, nawe utakuwa umejua.

Swaumu alikataa. Zilikuwa chache mno kuchezewa. Ndipo Dionisia akamweleza kuwa iliyochipua kwenye kitambaa haipotei, unaipanda vilevile kwa mkono mwepesi. Wifi yangu akatafuta cha kubisha, akakosa. Akachana kanga kuukuu vipande viwili. Kimoja akafungia mbegu za juu ya fito, kingine za mlangoni. Kwa nini alizitenga sijui, nadhani ni tabia yake ya kutochanganya vitu. Akaviweka kwenye sufuria lenye kifuniko, na kila nilipopita nilimkuta amelifunua anachungulia. Nikamwambia mbegu zina haya, aziache zivae. Hakucheka.

Siku alipovifungua vile vitambaa, aliniita na mimi. Za juu ya fito zilikuwa uji. Za mlangoni, baadhi zilikuwa zimetoa vimizizi vyeupe.

Tulitazamana. Jiko ni lilelile, mwaka ni uleule, bustani ni ileile. Nikachukua kigoda, kwa kuwa mimi ni mrefu, nikapanda pale anapoziningʼiniza. Ilikuwa adhuhuri na jua limewaka baada ya mvua. Kichwa changu kilipofika kwenye fito nilihisi nimekiingiza kwenye tanuri la mkate. Moto wa kuni ulikuwa umezimwa tangu asubuhi. Nikagusa bati, nikauondoa mkono haraka. Kulikuwa na ganda moja limesahaulika pale, nikampa. Akalivunja, akatia fiwi moja mdomoni, akaitafuna. Ililia kama bisi.

"Hii imeshaiva," akasema.

Nyasi zilikuwa zinazuia jua. Miaka yote ile moshi ulipanda na kupenya kwenye nyasi, mbegu zikapata weusi na ubaridi. Sasa zilikuwa zikipata joto la mafiga kwa chini na la bati kwa juu, kuanzia kiangazi mpaka mvua za kwanza. Swaumu alikuwa amefanya kila kitu kama mama yake. Paa ndilo lilibadilika.

Nilishuka kwenye kigoda huku maneno yameshanijaa mdomoni. Kaka yangu na uzuri wake wa kimyakimya, anaua mbegu za watu! Nilikuwa tayari kwenda kumtania mpaka azeeke. Swaumu akanishika mkono.

"Wifi, kaka yako asijue."

Nikamuuliza kwa nini.

"Tangu amenioa, Abdalah hajawahi kuniambia neno la mapenzi. Bati hili ndilo neno lake. Mimi nitamwambiaje kwamba limeniulia mbegu?"

Mimi mdomo wangu hauna breki, kila mtu anajua, na mtu niliyetakiwa kumficha ni ndugu yangu wa damu. Lakini nilimwangalia yule mwanamke, masizi kwenye kidevu, punje ya fiwi iliyokaangwa na jua bado iko mkononi, nikaona machozi yananijia. Nikasema sawa. Kwa Abdalah tukasema ni kuku.

Dionisia akatuletea viriba vilivyobaki kwenye kitalu cha miche ya mikorosho, vile vya nailoni nyeusi. Akaeleza, na Swaumu akabishia kila hatua, kisha akaifanya kuliko alivyoelezwa. Udongo tuliuchanganya na mchanga wa mtoni ili maji yasikae. Zilizokwisha kuchipua tuliziweka kwanza, mzizi chini, tukazifunika kwa udongo kidogo usiozidi pingili ya kidole. Za mlangoni zilizobaki alizilowesha kwenye maji ya uvuguvugu kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, asizilaze humo, kwa kuwa Dionisia alimwonya kuwa zikinywa kupita kiasi zinapasuka. Chache ziligoma, zikabaki ngumu kama zilivyoingia. Hizo Swaumu alizisugua kidogo kwenye jiwe la kusagia, upande wa mgongo, mbali na jicho, akazirudisha majini, zikavimba. Dionisia akasema hilo ni sahihi kabisa, na wifi yangu akajifanya hajasikia, ila siku ile nzima alitembea amevimba kuliko fiwi zenyewe.

Viriba aliviweka kwenye kichanja, penye jua la asubuhi, kuku wangu wasione. Hakuvimwagia maji kwa kopo. Alichovya vidole akanyunyiza, na kabla ya kunyunyiza aliugusa udongo kama mtu anayepima homa ya mtoto. Nilimsikia akizisemesha. Nilipomuuliza anaongea na nani akasema anaongea na mimi.

Nyingi hazikutoka, hata za mlangoni zilikuwa zimeonja joto. Lakini asubuhi moja udongo ukapasuka, shingo moja ikajikunja ikainuka na fiwi mgongoni, kisha nyingine. Mwishowe vilikuwa viriba vichache, sinia moja linavitosha vyote na nafasi inabaki. Swaumu alizitazama akasema Alhamdulillah, kisha akazitazama tena, nami nikajua anapiga hesabu. Miche ile ilitosha kumpa Zulfa, au kubaki nayo. Haikutosha vyote.

Katika siku zile ndipo kaka yangu akafanya kichekesho. Nilipita kwao nikamkuta yuko juu ya paa la jiko, amefunga mzigo wa nyasi, anauezeka juu ya bati, kona ile ya mafiga. Watu njiani walikuwa wanasimama. Kijiji kizima kinatoa nyasi kinaweka bati, na Abdalah anatoa hela ya bati kisha anaweka nyasi. Mmoja akamuuliza kama amerogwa, akajibu "haya".

Nilimfuata chini ya ngazi nikamuuliza, kaka, kulikoni. Akanionyesha kiganja chake. Alikuwa amepanda kuziba tundu la msumari akakiunguza.

"Kama mimi nimeungua," akasema, "mbegu za mwenzangu je?"

Hakuna aliyemwambia. Naapa si mimi. Aliyafikiri mwenyewe, akaenda kukata nyasi mwenyewe. Swaumu alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi, amesikia. Aliuweka mwiko kwenye ukuta, akaja akaishika ngazi ili isiteleze, akaishika mpaka mume wake alipomaliza. Wote wawili walikuwa hawatazamani, na mimi nikaona nina kazi nyumbani.

Bashiri alikuja na guta la kukodi, lile la magurudumu matatu la kubebea mizigo, siku ya Jumamosi. Tukapakia kitanda, masufuria, mikeka, gunia la mahindi. Zulfa alikuwa anatoka na kuingia, hana anachotafuta. Yeye alishajua habari ya miche, na ndiye aliyeanza kusema. Alimwambia mama yake asihangaike. Miche ibaki hapa, izae, naye atakuja kuchukua mbegu baada ya mavuno. Watu wanaelewa.

Lilikuwa jambo la busara, nami nikaliunga mkono. Nikamwambia wifi, angalau agawe nusu. Mche ukipata ajali barabarani, au huko Ruangwa ukaliwa na mbuzi wa mtu, fiwi za Chiola zimekwisha duniani, na itakuwa mkono wake ndio uliozimaliza.

Swaumu aliingia nyuma ya jiko. Alikaa huko mpaka Bashiri akaanza kutazama jua. Alipotoka, alikuwa amebeba sinia, na viriba vyote viko juu yake. Hakuacha hata kimoja. Alimkuta Zulfa ameshapanda kwenye guta, amekaa juu ya mikeka, akamwekea sinia mapajani, akamshikisha mikono yote miwili pembeni.

"Mama, na wewe je?" Zulfa akauliza.

"Mimi mama yangu alinipa, sikuwahi kurudi kumwomba. Wewe nitakuomba." "Ukivuna, nitakuja Ruangwa kukuomba mbegu, kama mtu yeyote anavyobisha hodi. Usininyime."

Zulfa alilia kwa sauti. Bashiri naye, mtu mzima wa kuchomelea vyuma, akageuka akakagua tairi lisilo na tatizo. Mimi sikumbuki nilifanya nini, ila kanga yangu ilikuwa imelowa. Guta likaondoka polepole kuliko nilivyowahi kuona guta likienda, kwa sababu Zulfa alikuwa anampigia kelele dereva asiitikise miche.

Swaumu hakusubiri lipotee. Alikwenda nyuma ya jiko, nami nikamfuata, maana nilidhani anakwenda kulia na sikutaka alie peke yake. Nilimkuta amejifunga kanga kiunoni, amesimama mbele ya bustani yake tupu iliyoanza kuota majani.

"Wifi, tulime," akasema. "Za Ruangwa zikija zisikute hali hii."

Nikamwambia mavuno bado mbali, na leo tumechoka. Akanitazama kama aliyesikia upuuzi, akainama akaanza kung'oa majani kwa mkono. Nikaenda nyumbani kuchukua jembe langu.